Ukurasa Ulioganda

...na kalamu yenyewe wameifunga kamba kwenye mguu wa meza kama mbuzi, kana kwamba yeye kaacha cherehani yake na sketi saba ambazo hazijatiwa pindo, kavaa gauni la kutokea, kapanda kilima chote kile na goti lake bovu, ili aje kuiba kalamu ya shule, haya, kaishika, mbuzi keshashikwa, sasa achinjwe wapi, maana mistari ya hiyo fomu ni miwili, mmoja wa kukubali na mmoja wa kukataa, huyu binti mwalimu kamwonesha, kidole chake kikapita juu na chini upesi kama mtu anayefukuza nzi, na palepale Mwalimu Mkuu upande wa pili wa meza akagonga muhuri wake, pa, na maneno yakaondoka na kishindo, juu ndiyo kukataa au chini ndiyo kukataa, na yeye amekuja kukataa, hilo halina mjadala, tangu jana amelala nalo na kuamka nalo, mtoto anarudi nyumbani, anakaa kwenye kigoda kando ya cherehani, anajifunza kazi, kwani kazi ilimuua nani... ila huwezi kukataa kama hujui mlango wa kukataa uko wapi, ukikosea umejipalia makaa kwa mkono wako mwenyewe, na zile herufi pale hazisaidii, zimejipanga kama siafu, na kama siafu ukizikodolea macho zinaanza kutembea, hii inaipanda ile, ile inageuza mgongo, miwani nimesahau nyumbani, ndivyo alivyowaambia alipoingia, miwani, mtu anayetunga uzi kwenye sindano nyembamba kuliko zote kwa macho yake mawili aliyozaliwa nayo.

Na yule binti, mwalimu wa darasa la msaada, bado anaeleza, sauti ya chini kama mtu anayebembeleza kuku aingie bandani, kwamba Chiriku hahamishwi shule, bibi, ni vipindi viwili tu vya asubuhi anakuja kwangu, halafu anarudi kwa wenzake... kwa wenzake, wenzake gani, wenzake si ndio hao wanaokiita hicho chumba chako Konokono, na kila anayeingia humo jina linamganda mgongoni kama gamba, au hujui, au unajua unajifanya, na mjukuu wake yeye, aliyepewa jina la ndege kwa sababu alianza kusema kabla meno ya mbele hayajatimia, Chiriku huyo leo awe konokono, na yote haya kwa sababu ya uji, kuna mtoto wa watu alikula uji juu ya kitabu cha darasa, hakufundishwa kwao kupangusa vidole, kurasa mbili zikaganda zikawa moja, na siku ya Jumatano Chiriku akaitwa asome mbele, kama anavyoitwa siku zote, maana miaka mitatu huyu ndiye aliyekuwa akioneshwa kwa wageni, njoo usome, mwanangu, wakusikie, akasimama, akasoma ukurasa wa kwanza kama maji, akalamba kidole, akafunua, kumbe kafunua mbili kwa pamoja, na mbele yake kuna picha ya kisima, darasa zima linaona kisima, ndoo, kamba, na Chiriku wa watu anaendelea tu kwa sauti yake ileile nzuri kusoma habari za mbuzi aliyeingia dukani akala daftari la mwenye duka, neno kwa neno, nukta kwa nukta, ukurasa mzima ambao hakuna jicho lililokuwa linauona... wakacheka, watoto hawana simile, lakini mwalimu wa darasa hakucheka, akakifunga kile kitabu, akachukua kingine kipya kabisa, akasema haya soma hiki, na hapo ndege akanyamaza, alinyamaza mpaka kengele.

Na nyumbani hakulia hata. Alivua viatu, akaviweka sawa, akasema, "Bibi, kile kitabu kilikosea ukurasa," na yeye akamjibu ndiyo, vitabu vya siku hizi vinashonwa ovyo, uzi hafifu, akainamia cherehani akakanyaga pedali kwa nguvu ili asisikie kitu kingine, maana nani aliyemfundisha hivyo, si yeye, si yeye mwenyewe bibi mtu, kila jioni binti wa jirani akipita anaitwa ndani, njoo mama, nisomee huu ukurasa mara mbili nikunyooshee sare yako, na pasi ikienda na kurudi yeye anayameza maneno yote, hayapotei, kichwa chake hakijawahi kupoteza neno lililoingilia sikioni, na binti akishaondoka na sare yake iliyonyooka anamketisha Chiriku, sema hivi, sema tena, ukiona picha ya ng'ombe anza hapa, ukifika kwenye neno mtoni lamba kidole ufunue, usifunue kabla wala baada, na shingo ikae sawa, macho yaende kushoto kulia kama mwenzako anayesoma kweli, na mtoto akashika, kitabu cha kwanza, cha pili, cha tatu, vyote kichwani, na mama yake akipiga simu kutoka huko mbali anakofanya kazi ya kufua mashuka ya hospitali, anauliza mwanangu anasomaje, mama, anajibiwa anasoma kama kasisi, mwanangu, wewe fanya kazi usiwe na wasiwasi... na hakuona anadanganya, haki ya Mungu, aliona anamsaidia, aliona ndivyo kusoma kulivyo, kwamba watu wote wanasikia kwanza halafu wanakumbuka, na waliobaki wanajigamba tu.

"...tena tulimuuliza nani alikufundisha kukariri hivi," binti mwalimu anasema, na hapo masikio yanasimama, mkono wenye kalamu unasimama zaidi ya ulivyosimama, "akasema nilijifundisha mwenyewe."

Ah. Mwenyewe. Mtoto wa miaka tisa anaficha mtu mzima nyuma yake, anajibana ubavu ili bibi apate pa kujificha, hata hakuambiwa afiche, hakuna aliyemwambia, na bibi mtu kakaa hapa na mkoba mapajani anasingizia miwani, nyani haoni kundule... na Mwalimu Mkuu anagonga, pa, anachukua karatasi nyingine, anapuliza vumbi, hajainua macho tangu alipokaribisha, labda ni adabu yake, labda anajua, watu wa muhuri wanajua mengi, na huyu binti mwenyewe mdogo tu, viatu vya raba, shingo ya kukatiwa kola ya mwanafunzi, kazaliwa juzi, yeye ndiye aliyesema lile neno baya pale barazani walipokuwa wanangoja ofisi ifunguliwe, kwamba jambo hili la Chiriku lina jina, jina refu la kidaktari, na mara nyingi huwa linatembea katika ukoo, hivi kwenu bibi hakuna mwingine ambaye herufi zilimsumbua, na yeye akamkata palepale, kwetu sisi ni mafundi, mwanangu, hatuna mgonjwa, tuna mikono, na binti wala hakuchukia, akacheka kidogo, akasema siyo ugonjwa, bibi, akili yake nzima kabisa, mtoto aliyebeba vitabu vitatu kichwani ana kichwa kikubwa kuliko changu, njia tu ya kuingilia ndiyo nyingine... kilemba cha ukoka, alijisemea, hawa wasomi wakitaka kukuchinja wanakupaka mafuta kwanza, lakini lile neno liliingia, ukoo, liliingia na kukaa, bado limekaa, akilisukuma halisogei, kwenu hakuna mwingine... kwetu.

Kwetu kulikuwa na msichana mmoja, mwalimu wake alimwita ubaoni, akampa chaki, andika nililoandika, akaandika alichokiona, na alichokiona kilikuwa kimegeuka, darasa likacheka vivyo hivyo, watoto hawana simile tangu zamani, akaambiwa una kichwa maji wewe, chukua ufagio, fagia uwanja wenzako wasome, na kesho yake ufagio, na kesho kutwa ufagio, akafagia, na kwa kuwa hakuzaliwa kufanya kitu nusunusu akafagia vizuri, ila pale chini ya dirisha la darasa ndipo alipofagia polepole, palikuwa pasafi kuliko uwanja wote, pangeweza kuandikwa chakula, maana sauti zilikuwa zinatoka pale, wenzake wanaimba silabi kwa pamoja, naye na ufagio wake anaimba nao midomo ikiwa imefumbwa, akazijua zote, zote, asijue tu zinafananaje, muhula mmoja na nusu, halafu mwalimu akamwita baba yake akamwambia huyu mtoto ana mikono mizuri, mzee, ni dhambi kumpotezea muda hapa, na baba akafurahi, akaona kasifiwa, akamshika mkono wakashuka kilima, na yeye naye alifurahi, alisema alifurahi, akawa anasema hivyo miaka yote, shule ilinishinda nikaishinda cherehani, watu wanacheka, na ni kweli, nani kama yeye, futi ya fundi anaivaa shingoni kama pambo tu, vipimo vyake viko kwenye nyuzi, kila mteja na uzi wake msumarini, fundo la bega, fundo la kiuno, fundo la goti, nyuzi zaidi ya mia na hajawahi kumvisha mtu sketi ya mtu, sasa kichwa maji gani hicho... akiwa njiani kuteremka na baba yake aligeuka nyuma mara moja, moja tu, dirisha lilikuwa wazi.

Lakini ukoo. Kama ni ukoo basi siyo kichwa maji. Hesabu hiyo hata yeye anaiweza. Kama akili ya Chiriku ni nzima na njia tu ndiyo nyingine, na njia hiyo kaipata kwa mtu, basi yule wa ufagio naye akili yake ilikuwa nzima, siku zote zile, miaka sitini imekuwa nzima na hakuna aliyemwambia, kaizeekea bila taarifa... na anataka kumkasirikia mtu, anamtafuta, mwalimu yule kafa zamani, baba kafa, wa kuhamaki naye hayupo, amebaki huyu mwenye viatu vya raba, na huyu hana kosa, huyu kosa lake ni kuzaliwa akiwa amechelewa, angefanya haraka kidogo akazaliwa mapema akamkuta... mawazo gani haya ya kitoto, bibi mzima.

Ni kile chumba. Asingeingia kile chumba angekuwa keshakataa na kuondoka, lakini binti alimpitisha, njoo uone bibi ndiyo uamue, na humo hamna cha ajabu, mikeka, dirisha, watoto sita, na kwenye vipande vya boksi wamebandika herufi zilizokatwa kwa karatasi ya msasa, ileile ya seremala, kwaru kwaru, mtoto mmoja amefumba macho anaipitishia kidole taratibu huku analitaja jina la hiyo herufi, anarudia, anarudia, na binti kachuchumaa pembeni yake, hana fimbo, hana haraka, mtoto akakosea, na yule binti akamwambia tu, "Turudi mwanzo, siku bado ndefu," akasema hivyo, siku bado ndefu, kama mtu mwenye ghala ya siku... na alipogeuka kumfunga mwingine kamba ya kiatu, bibi huyu aliyekuja kukataa akanyoosha mkono, upesi, kama mwizi, akaigusa iliyokuwa karibu, kidole hikihiki chenye sugu ya sindano, akakipitisha, kikashuka, kikazunguka tumbo, kikasimama, akarudia, na ile herufi haikutembea. Ilikaa. Ilikaa chini ya kidole chake kama mtoto mwenye adabu, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alikuwa ameishika moja, na hakuijua jina, alizijua sauti zote na hakujua hii aliyoishika ni sauti ipi, akatamani kuuliza, akauondoa mkono akasema chumba chenu kizuri ila dirisha linahitaji pazia.

Na sasa Chiriku yuko humo, kamwacha kwenye mkeka tangu saa ile, kidole chake bado laini, hakina sugu, na bibi yake kakaa hapa anatafuta mlango wa kumtolea nje, amshike mkono washuke kilima, ana mikono mizuri, ni dhambi kumpotezea muda... Mungu wangu, maneno ni yaleyale, hakubadilisha hata moja.

"Usiharakishe, bibi," binti anasema. "Tupo."

Tupo. Muhuri unagonga, rundo la Mwalimu Mkuu limebakiwa na karatasi mbili, na kalamu iko palepale hewani juu ya mistari ileile miwili, haijashuka hata unywele, ila mkono ulioishika hautafuti tena pa kukatalia, huo mstari uwe juu, uwe chini, shauri yake, unautafuta ule mwingine, na ule mwingine nao umejichanganya na siafu wenzake, haujitokezi, hautajitokeza mpaka aulize, na kuuliza ni kusema, mbele ya watu wawili wenye kalamu, jambo ambalo hajamwambia hata mwanawe wa kumzaa, naye mdomo wake mtaa mzima unaujua, haujawahi kukosa neno la kumtupia mtu, leo unatafuta pa kuanzia, mwanangu, hapana, binti, hapana, huwezi kumwambia mtu hivyo halafu umwombe... mwalimu... mwalimu wangu...