Miji Aliyoitoa Mbodze Machimboni

Mbodze amemaliza kufagia machimbo. Ndivyo afanyavyo kila asubuhi tangu apande mivinje katika shimo hili, ambamo baba yake, Mzee Kahindi, alikata mawe ya kujengea mpaka mawe yakaisha na wenzake wakatawanyika. Anayazoa majani yote yaliyodondoka, membamba kama sindano, anayachoma, sakafu inabaki nyeupe inang'aa, maana kwao ua usiofagiliwa ni aibu ya mwenye ua. Miaka mitatu sasa. Kesho kijiji kinakaa kikao, na mwenyekiti amesema wazi: Mbodze alete kiganja kimoja cha udongo uliozaliwa humo humo shimoni, kuonyesha kwamba shimo linaweza kuwa shamba, la sivyo shimo litageuzwa jaa la takataka. Udongo hana. Anaketi kivulini, ufagio mapajani, joto la saa sita linamlegeza, anafumba macho kidogo tu, na ukuta wa mawe ulio mbele yake unafunguka kama mlango.

Anapita. Ng'ambo kuna barabara, na barabara inazaa barabara, zote nyeupe, zote zinarudi pale zilipoanzia, na kando yake umesimama mji, na chini ya mji huo kuna mji mwingine uliopinduka kama kivuli majini, pale juu penye jiwe chini pana uwazi, na Mbodze anatambua kwamba huu wa chini ndio machimbo yao, kila jiwe lililotoka limeacha umbo lake. Mtu anamjia. Hana uso, pale pa uso pamekuwa laini kama yai. Kitendawili, anasema. Tega, anajibu Mbodze, maana mdomo umeshazoea. Anakula asichopanda, na akiondoka meza imejaa kuliko alivyoikuta. Mgeni, anasema Mbodze. Mtu yule anacheka: mgeni wa wapi huyo, dada? Wa kwenu hubeba hadi makombo! Nipe mji. Na Mbodze, kama watoto wanavyofanya wakishindwa, anatoa mji: chukua Malindi. Malindi inazimika, paa kwa paa, na barabara inazunguka tena, mtu ni yule yule. Kitendawili. Tega. Kila asubuhi anavuliwa nguo na yule anayempenda. Mtoto anayeogeshwa, anasema Mbodze. Nipe mji. Anatoa Mariakani, nayo inazimika. Umebakiwa na upi? Mbodze anatazama nyuma, kumebaki kijiji chao tu, na shimo lake, na mivinje yake midogo inatetemeka. Nipe, anasema mtu yule, au ujibu vyote viwili.

Anaukumbatia ufagio, na kwenye njiti zake kuna majani ya mvinje yaliyonasa, na juu ya majani kuna jongoo, anatafuna polepole, miguu yake inakwenda kama mawimbi, na nyuma yake anaacha punje nyeusi, punje baada ya punje, laini, zenye harufu ya mvua. Ni jongoo, anasema Mbodze, sauti ikimtoka kama kilio. Anayekula ni jongoo. Anayevuliwa nguo ni sakafu ya machimbo, na anayemvua ni mimi. Basi lete ufagio, anasema asiye na uso. Mbodze anautoa. Na miji yangu? Mji uliotolewa haurudi, dada.

Mbodze, mwanangu, umelala kama mfuko wa saruji! Mzee Kahindi amemwinamia. Ufagio umeuweka wapi? Mbodze hajui. Haupo mapajani, haupo popote. Anatambaa mpaka nyuma ya jiwe kubwa lililoegemea ukuta, mahali ambapo ufagio haujawahi kufika, anaingiza mkono. Majani ya miaka mitatu, jongoo waliojikunja, na chini yao udongo mweusi, unyevu, harufu ile. Anachota. Kinajaa kiganja, kimoja tu, kamili, na machozi yanamdondokea humo.

Baba, kesho kikao kikiisha twende Malindi tukachukue miche mingine.

Malindi, anasema mzee taratibu. Ndiyo wapi huko?

Mzee Kahindi ana utani mwingi, kila mtu anajua. Mbodze anainua macho aone kama anacheka, lakini jua liko nyuma yake, na uso wake hauonekani.