Bibi Anaoga

Kila asubuhi nuru ilipanda kutoka majini, ikaingia kwa dirisha la duara, ikacheza darini juu ya kitanda changu. Haikutulia. Meli ikienda, nayo inakwenda. Meli ikiyumba, nayo inayumba. Niliitazama muhula mzima, bibi, tangu siku zile za kwanza za kutapika.

Sasa safari ilikuwa imefika ukingoni. Darasa letu la baharini lilikuwa limefunga vitabu, mhadhiri amekusanya karatasi za mwisho, na vyumba vyote vinanuka sabuni na soksi. Mwenzangu wa chumbani, tuliyemwita Kabati kwa wingi wa nguo zake, alikalia sanduku lake ili lifunge. Halikufunga. Kila mtu alizungumza juu ya nyumbani: atakula nini, atalala mpaka saa ngapi, nani atampokea gatini.

Mimi nilizungumza na wewe, kimoyomoyo, kwa sababu kwenye simu sikukupata tena.

Zamani ulipatikana. Mama akipokea tu, nyuma yake nasikia redio yako isiyozimwa, yule mtangazaji wa koo kavu akisoma habari, nawe unampokonya mama simu: "Umekula? Hiyo meli ina kuta?" Nilipokuambia kuta zipo, ukataka kujua kama mlango una komeo.

Kisha redio ikanyamaza. "Bibi yuko wapi, mama?" Anaoga. Nikapiga kesho yake mchana. "Anaoga, mwanangu." Nikapiga jioni. Anaoga. Bibi, hata sisi tuliokuwa katikati ya bahari hatukuoga hivyo.

Nikauliza mbona redio kimya. Mama akakohoa, akasema betri zimekwisha. Nilipopiga tena, redio ilikuwa inalia, tena karibu kabisa na simu, na ilikuwa inapiga muziki.

Hapo nikajua. Wewe uliyeuita muziki kelele za wasio na kazi, usingeacha wimbo hata mmoja uishe ndani ya nyumba yako ukiwa hai.

Sikulia. Nilimwambia mama, "Msalimie akitoka." Akajibu, "Zimefika." Hatukukata simu, yeye akinidanganya kwa mapenzi, mimi nikidanganyika kwa mapenzi, na ule muziki ukitupigia kelele.

Kabati akaniuliza nimepatwa na nini. Nikamweleza. Akashuka kwenye sanduku lake. "Si umwambie mama yako kwamba unajua? Mzigo wote huo anaubeba peke yake."

"Acha kwanza nifike," nikasema.

Alisema kweli, lakini mimi nilikuwa na uchoyo. Melini ulikuwa bado unaoga. Nikishuka, umekufa. Nilizitaka zile siku zilizobaki, bibi, zote, bila kumgawia mtu.

Bibi anaoga, nikajiambia nikikunja shuka. Bibi anaoga, nikirudisha ufunguo wa chumba. Bibi anaoga, na nchi kavu ikatokeza, mstari mwembamba wa kijivu, na wenzangu wakapiga vigelegele. Mimi nilitamani nahodha akosee njia.

Gatini mama alikuwa amesimama mbele ya watu wote, amekonda, amevaa sweta lako. Nilipomkaribia akafungua mdomo, akaufumba tena. Nikaona kwamba sentensi ile ameifanyia mazoezi njia nzima, na bado haitoki. Uchoyo wote ukaniisha.

"Mama," nikasema, "kwa muziki ule, bibi angekufukuza nyumbani."

Akanitazama. Kisha akacheka, akaning'ang'ania, na kicheko kikageuka kilio. Tulilia pale pale, watu na masanduku yao wakitupita pembeni.

Sasa niko chumbani mwako. Kitanda kimetandikwa, kandambili zako zimeelekezwa mlangoni. Nimezungusha kitufe cha redio mpaka nikampata yule mtangazaji wa koo kavu, na mama, jikoni, amenyamaza kumsikiliza. Nuru imeingia dirishani, imepanda ukutani, imesimama. Naitazama, naisubiri icheze. Haichezi.