Vidubu vya Wanangurumo

Kwi, kwi, kwi. Kisha kimya. Kisha tena kwi, kwi, kwi, gizani, upande wa sebuleni.

Mama Kipusa alilala macho wazi, akisikiliza. Kwanza alidhani ni panya. Lakini panya hatulii kila baada ya muda ili kusifia kazi yake. Alipapasa upande wa pili wa kitanda, akakuta shuka limekwisha poa, akajua: mume wake alikuwa akiing'arisha pikipiki.

Pikipiki hiyo ililala sebuleni, kati ya kochi na cherehani, kwa sababu nje kulikuwa na umande, na umande, kama mama huyu alivyoelezwa mara nyingi kuliko alivyotaka, ungeweza kuidhuru. Mtoto akikohoa usiku, mumewe husema atapona. Pikipiki ikikohoa, nyumba nzima hailali.

"Unafutia nini?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Kitambaa."

"Kitambaa gani?"

Kwi ikakoma. "Laini."

"Baba Kipusa, hiyo ni fulana ya mtoto."

"Nitaifua, mke wangu. Wewe lala. Leo ni siku yetu ya kusafisha jina."

Jina, lakini si fulana. Mama Kipusa alijifunika shuka na kucheka peke yake, ingawa woga ulikuwa umemnyima usingizi.

Jina lenyewe lililotaka kusafishwa lilikuwa la Wanangurumo, chama cha waendesha pikipiki kubwa. Watu waliwaogopa. Wanangurumo wakipita, wenye maduka walirudishia milango nusu na akina mama waliwavuta watoto ndani. Na kwa kweli walikuwa watu wa kutisha. Mwenyekiti wao, Simba wa Lami, aliuza mapazia, na angeweza kukaa na mteja asubuhi nzima wakibishana kama rangi ile ni ya maziwa au ya pembe za ndovu. Lile jitu lenye ndevu za kufika kifuani, lililojiita Kifo, lilioka keki za harusi, na halikuwahi kumkabidhi bibi harusi keki yake bila machozi kulilengalenga. Baba Kipusa mwenyewe alikuwa fundi majokofu. Wenzake walimwita Radi. Nyumbani, mende akitokea, Radi hupanda juu ya kochi na kumwita mkewe.

Kikao cha kusafisha jina kilifanyika hapohapo sebuleni.

"Watu hawatuelewi," Simba wa Lami alilalamika. "Wanatuona wahuni. Sijui kwa nini."

Aliyasema hayo akiwa amevaa koti la ngozi lenye fuvu la kichwa mgongoni, fuvu linalowaka moto. Wakaafikiana kwamba fuvu lilainishwe kidogo. Mama Kipusa akapewa kazi ya kushona ua waridi jekundu katikati ya meno ya kila fuvu, ili ijulikane kwamba hata marehemu huyo ni mtu wa upendo. Kisha wakakubaliana kufanya msafara wa hisani, kuwapelekea watoto midoli, na kwamba njia nzima kila mwanachama atabasamu.

"Shemeji zangu," Mama Kipusa aliuliza, sindano mdomoni, "mkiwa na helmeti, hilo tabasamu tutalionea wapi?"

Walimtazama kwa huzuni, kama anavyotazamwa mtu asiyependa watoto.

Yeye ndiye aliyependekeza chekechea, na hapo ndipo woga wake ulipoanzia. Alikuwa amewahi kushona foronya na mashuka ya chekechea hiyo, akaiona kwa macho yake: viti vidogo kama vya kuchezea, dirisha pana, vitabu vimewekwa chini, mtoto anajichukulia mwenyewe. Siku hiyo moyo ulimruka. Yeye alijifunza kusoma vizuri ukubwani, madarasa ya jioni, Kipusa akiwa mgongoni, chini ya taa iliyokuwa ikizimika kila sentensi ikianza kunoga. Alitaka mwanawe asome kwa mwanga wa jua. Hakutaka zaidi ya hapo.

Ilibaki nafasi moja. Na Mwalimu Mkuu, mama mtu mzima asiyepandisha sauti kwa sababu hajawahi kuhitaji, alikuwa na sharti lake.

"Watu wa pikipiki, hapana," alisema. "Nimeshamkatalia mzazi mmoja, na nitamkatalia mwingine. Wanapita hapa mchana, watoto wangu wamelala, wanaachia huo mngurumo wao. Nusu wanaamka wanalia, nusu wanalowesha magodoro. Mume wako anafanya kazi gani, mwanangu?"

"Fundi majokofu, Mwalimu."

"Kazi nzuri. Kazi ya utulivu. Nitapenda kumwona kabla sijampokea mtoto."

Mama Kipusa aliitikia. Hakusema uongo, alijiambia. Ukweli uliobaki aliuweka akiba kidogo. Mwalimu awaone kwanza Wanangurumo wakiwa wema, ndipo aambiwe kwamba mmoja wao ni baba wa mtoto. Kwa hiyo alimwambia tu kwamba kuna kikundi cha hisani, kingependa kuleta midoli ya vidubu saa ya michezo asubuhi.

"Kitakuja na gari?"

"Kitakuja na... usafiri wake, Mwalimu."

Basi akashona vidubu. Vikubwa, kimo cha Kipusa, kwa mabaki ya vitambaa, vikajazwa sponji. Kila kimoja alikipa sura yake: kimoja cha kujidai, kimoja cha usingizi, kimoja kilichofanana na Kifo kabla ya ndevu. Kipusa, ambaye hakuwa msemaji sana, alivilaza kochini usiku baada ya usiku na kuvifunika taulo.

Asubuhi hiyo vidubu vilikaa uani kwa mstari, na Wanangurumo wakavizunguka kuamua vifungwe wapi. Mtu yeyote angevikalisha kwenye kiti cha nyuma, kama abiria. Lakini Wanangurumo si mtu yeyote.

"Vikikaa nyuma yetu vitaziba nembo," alisema Simba wa Lami. "Tumeshona waridi, halafu tulizibe?"

"Maboksi ya mizigo?" Kifo aliuliza.

"Msafara wa maboksi? Sisi ni posta?"

Wakavifunga ubavuni, chini, kando ya gurudumu la nyuma, kwa kamba zao za mizigo, fundo moja kiunoni na moja shingoni. Mama Kipusa alivitazama vimening'inia, ndimi nje, maana ndimi alizishona yeye mwenyewe kwa mapenzi.

"Baba Kipusa, hapo si karibu na bomba la moshi?"

"Karibu, lakini havigusi."

"Wewe mguu wako una kovu la nini?"

"Hilo la zamani. Leo tutakwenda polepole, kwa heshima."

Na kweli walikwenda polepole, na hapo ndipo hesabu ilipowaharibikia. Pikipiki ikikimbia, upepo hupooza bomba. Ikitembea mwendo wa harusi, bomba hupata moto kama pasi. Jambo hili kila Mwanangurumo alilijua, na wangeweza kulieleza hadi uwakimbie. Ila siku hiyo walikuwa wakifikiria tabasamu.

Mama Kipusa alitangulia chekechea na mwanawe, amemvika gauni la njano na kumpiga msasa njia nzima.

"Mwalimu akikuuliza jina?"

"Kipusa."

"Akikuuliza baba anafanya nini?"

"Majokofu."

"Na pikipiki?"

Kipusa alikaza midomo na kutikisa kichwa, kama alivyofundishwa. Mama akambusu, akajisikia vibaya, akambusu tena.

Saa ya michezo ikafika, ikapita. Msafara ulikuwa umesimama mara kadhaa ili mpigapicha wa gazeti awapige picha, na Simba wa Lami alitaka kila picha irudiwe kwa upande wake mzuri. Watoto wakanawa mikono, wakala, wakalala. Mwalimu Mkuu alifunga mapazia, akatembea kwa ncha za vidole, akakaa barazani na Mama Kipusa na mtoto.

"Wafadhili wako wamepotea," alinong'ona.

"Wapo njiani, Mwalimu."

Walikuwa njiani kweli. Walisikika toka mbali, kisha si mbali tena. Wakajipanga langoni, injini zikiwaka, na Simba wa Lami akainua ngumi. Mama Kipusa alikuwa amesahau jambo moja: Wanangurumo wakitaka kumheshimu mtu, humpigia saluti. Na saluti yao ni wote kupiga resi, injini zingurume kwa pamoja.

Madirisha yalitetemeka. Ndani palikuwa na ukimya wa kitambo kidogo, ule wa watoto kuvuta pumzi. Halafu wakaachia.

Walimu waliwaleta watoto barazani wakilia, na huko wakaiona hisani. Wanaume wenye makoti meusi, nyuso zimefichwa ndani ya helmeti, huenda zikitabasamu. Na ubavuni mwa kila pikipiki, kidubu kilichonyongwa, cheusi kwa masizi, kikifuka moshi. Kile cha kujidai kilikuwa kimeungua mguu na kutoa sponji. Kile cha usingizi kilipoteza jicho. Mpigapicha, ambaye asubuhi nzima alikuwa akipiga miayo, sasa alipiga picha kama mtu anayelipwa, akajiridhisha, akaondoka haraka kabla jambo lolote zuri halijatokea.

Mwalimu Mkuu aliteremka ngazi taratibu. Injini zikazimika zenyewe, moja baada ya nyingine.

"Kiongozi ni nani?"

Simba wa Lami alivua helmeti. Bila hiyo alikuwa muuza mapazia. "Tumekuja kwa upendo, Mwalimu. Tunataka jamii itufahamu vizuri."

"Imewafahamu," alisema Mwalimu Mkuu.

Mama Kipusa alitazama viti vidogo, dirisha pana, vitabu vya chini, akaviaga kimoyomoyo. Kisha akapiga moyo konde, akasimama.

"Mwalimu, vidubu nimeshona mimi. Vinafulika. Nipe beseni na sabuni."

"Vifue wewe?"

"Hapana," alisema, akiwatazama shemeji zake mmoja mmoja. "Nitawaonyesha."

Wakafua. Wakaketishwa kwenye vile viti vidogo, magoti yakigusa masikio, mikono ya makoti imepandishwa. Simba wa Lami aliuliza kama kuna glovu, akaambiwa hakuna. Kifo alikikumbatia kile kidubu kinachofanana naye, akakisugua pua kwa kidole, machozi yakimtiririkia ndevuni, na mtoto mmoja aliyekuwa bado ana kwikwi alikwenda akasimama karibu naye kuona kama mtu mkubwa hivyo analia kweli. Alipoona ni kweli, aliacha yeye. Baba Kipusa alisuuza bila kuinua uso. Hakumtazama mkewe wala bintiye, maana asubuhi mkewe alikuwa amemwomba asiwatazame, na hilo lilionekana kumuuma kuliko masizi yaliyomwingia puani. Mama Kipusa aliziba majeraha kwa uzi na sindano aliyoichomoa kwenye ukosi wake. Vidubu vikaning'inizwa tena, safari hii kwa masikio, juani.

Watoto wakapiga miayo. Walimu wakawarudisha ndani. Mapazia yakafungwa upya, na kukawa kimya, kimya kile alichokipenda Mwalimu Mkuu.

Ndipo Wanangurumo wakakumbuka kwamba walikuja na pikipiki.

Simba wa Lami aliutazama mteremko wa kwenda barabara kuu, ambao kwa mtu anayetoka chekechea ulikuwa mlima. Alitia ufunguo. Baba Kipusa akauzuia mkono wake. Aliikunja miguu ya kusimamishia ya pikipiki yake mwenyewe, akashika usukani, akainama, akaanza kuisukuma. Wengine wakatazamana. Kisha Kifo akafuata, na mwenyekiti, na wote waliobaki, mstari mmoja wa vyuma vizito na ngozi nyeusi ukipanda mlima jua la mchana likiwachoma, bila sauti isipokuwa kuhema. Mafuvu mgongoni yalimeremeta kwa jasho, waridi menoni. Ndio ulikuwa msafara wao wa kwanza ambao hakuna mwenye duka aliyefunga mlango. Walisimama na kuutazama.

Baba Kipusa alifika juu, akaegesha, akateremka mbio kwa ncha za vidole, buti na yote, akamsaidia Kifo. Akateremka tena.

Mwalimu Mkuu alikuwa barazani, mikono kifuani.

"Msafara huu," alinong'ona, "ndio wangeanza nao."

Mama Kipusa alimvuta Kipusa karibu, akamshika mkono.

"Yule anayepanda na kushuka," Mwalimu aliendelea. "Mwenye masizi puani. Amemzuia mwenzake asiwashe. Kumbe hata humo huwa hawakosi mmoja mwenye akili. Unamfahamu?"

Mama Kipusa alifungua mdomo. Maneno mazuri aliyokuwa ameyapanga kwa majuma, yote, hakuliona hata moja. Akahisi mkono mdogo ukijichomoa katika wake. Kipusa alisogea mbele ya Mwalimu Mkuu, akanyoosha kidole mlimani, akasema kwa sauti yake yote:

"Yule ni baba yangu."