Wolete Maryam Mlangoni

Msimu wa mvua mji wa Gondar hauamki. Hujigeuza tu kitandani. Siku ile ukungu ulikuwa umeukalia mji tangu alfajiri, na hata ilipofika saa nane mchana, Tsigereda alipochungulia dirishani hakuona minara wala barabara. Aliona weupe mtupu, na ndani ya weupe huo alisikia kwato za punda asiyeonekana.

Alikuwa mtunzaji wa sauti. Katika nyumba ile ya mawe juu ya kilima zilihifadhiwa nyimbo za waombolezaji wa misibani, zilizorekodiwa vijijini miaka mingi nyuma, kila mwimbaji na faili lake, na kila faili na jina la mwenyewe kama majirani walivyomwita. Zilikaa kwenye kompyuta kuukuu iliyokohoa kuliko ilivyofanya kazi. Alasiri hiyo wanaume wa vyuma chakavu wangekuja kuichukua wakaipasue. Kabla hawajafika, sauti zote zilitakiwa ziwe zimehamia kwenye kompyuta mpya.

Miongoni mwa sauti hizo ilikuwamo ya Wolete Maryam, mama yake. Mama huyo akiimba msibani, hata maadui wa marehemu walilia, tena kwa kwikwi. Yeye alipokufa mwezi uliopita hakupatikana wa kumlilia vile alivyolilia wenzake. Siku iliyofuata hii ya ukungu ilikuwa arobaini yake, na ndugu wa pande zote walikuwa wameahidiwa kwamba watamsikia. Nakala nyingine haikuwapo popote. Tsigereda mwenyewe hakuwa amethubutu kuisikiliza; aliogopa kama anavyoogopa mtu kufunua chungu kilichoachwa na marehemu jikoni.

Basi aliandika skripti ya kuzihamisha, orodha ya amri ambazo kompyuta huzifuata moja baada ya nyingine. Na hapa lazima nikwambie siri yake: kila amri aliyoiandika, aliiona. Skripti hii aliiona kuwa lango la kanisa siku ya sikukuu, na majina ya waimbaji kuwa watu wenye mitandio myeupe, wamepanga foleni ndani ya ukungu. Aliye mbele huitwa $1, anayemfuata $2, na huko nyuma vivyo hivyo. Foleni ikisogea, wa pili huwa wa kwanza, asijue hata alibadilika saa ngapi. $0 ni lango lenyewe, maana nalo lina jina lake. $# huhesabu waliofika. $@ ni wote kwa pamoja. Na $?, ambaye Tsigereda alimpenda kuliko wengine, alikuwa bibi kizee wa mlangoni mwenye swali moja tu: hili lililotendeka sasa hivi, limekwendaje? Akijibiwa sifuri, ni salama. Akijibiwa namba nyingine yoyote, kuna jambo. Ila bibi huyo ni msahaulifu kupindukia. Hulijua la mwisho tu. La kabla yake limeshamtoka.

Kazi aliyolipangia lango ilikuwa nyepesi. Kila anayeitwa, anakiliwe kwenye kompyuta mpya. Kisha iandikwe kwenye skrini, "Mungu ashukuriwe." Kisha bibi aulize limekwendaje, na akijibiwa sifuri, iandikwe, "Amefika." Ile shukrani haikuwa na kazi yoyote. Aliitia kwa mazoea tu, kwa kuwa watu wa kwao hawamalizi jambo wakanyamaza. Na kwa kuwa kompyuta kuukuu ilikuwa na gubu, ikinung'unika kwa taarifa za hitilafu zisizo na sababu kutwa nzima, aliamuru manung'uniko yake yote yatupwe shimoni, yasimwagike mbele ya macho yake.

"Bado unaibembeleza hiyo maiti?" aliuliza Yibeltal, fundi wa vinasa sauti, akiingia na koti linalochuruzika maji. "Wenzio wa chuma chakavu wako bondeni wanakula. Wakishiba watapanda."

"Wape kitoweo zaidi. Naanza sasa."

"Mimi niwape kitoweo? Mimi mwenyewe nimekula shiro tupu, unga wa dengu bila nyama!"

Tsigereda alicheka, akabonyeza.

Majina yakaanza kupita. Almaz. Mungu ashukuriwe. Amefika. Bitewush. Mungu ashukuriwe. Amefika. Mvua ikaongeza mwendo juu ya bati, na macho ya Tsigereda yakalegea, yakawa hayapo macho wala hayajalala. Aliwaona wakipita mmoja mmoja chini ya lango, nyayo zao hazilowani. Gebre alipita. Hiwot akamfuata. Akapita Haile, akapita Maryam, akapita Maryam mwingine, na mwingine tena, wote mitandio imewafunika nyuso. Tsigereda aliwapungia mkono moyoni. Mwisho kabisa kioo kiliandika: Wolete, Mungu ashukuriwe, amefika, Maryam, Mungu ashukuriwe, amefika. Alishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Chini ya hapo palikuwa na hesabu ya waliofika mlangoni na hesabu ya waliopita, na waliopita walikuwa wengi kuliko waliofika. Mtu mwenye akili zake angeshtuka. Tsigereda alidhani ni baraka. Anayetaka kudanganyika, macho yake mwenyewe humsaidia.

"Waambie waichukue," alimwambia Yibeltal, akaizima ile kompyuta, akatoka kwenda kunywa kahawa.

Kahawa ilikuwa mwisho wa ukumbi, kwa Enanu, ambaye wote walimwita Etye kwa heshima, mama mtu mzima aliyetunza funguo za nyumba ile na ambaye kwa miaka mingi alikaa jirani na Wolete Maryam. Alikuwa ametandika majani mabichi sakafuni, ubani unafuka, na shayiri ya kukaanga imo kwenye sahani. Tsigereda alikaa kwenye kigoda. Moshi na ukungu vilikuwa vimechanganyika hata mtu hajui kipi kimetoka nje na kipi kimetoka ndani.

"Hujambo, mwanangu? Unaendeleaje?"

"Mungu ashukuriwe, Etye."

"Umelala?"

"Mungu ashukuriwe."

"Umekula?"

"Mungu ashu..."

Enanu aliweka birika chini. "Hebu acha! Mungu nilishamsalimu asubuhi, hajambo. Nakuuliza wewe. Tangu tumzike mama yako, kila nikikuuliza unanitupia shukrani, shukrani, shukrani. Ungekuwa umevunjika mguu ungenijibu hivyo hivyo. Nitakujuaje? Anayejibiwa na shukrani ameijua shukrani tu, hajamjua mtu. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Tsigereda aliinua kikombe anywe. Kikombe kilimponyoka, kahawa ikamwagikia majani.

Maana alimwona bibi kizee wa mlangoni. Alimwona wazi, ameinama, anauliza limekwendaje. Na wa kumjibu si mwimbaji aliyepita, ni ile shukrani iliyosimama katikati. Shukrani haijawahi kushindwa. Ingejibu sifuri hata lango zima likiungua. Bibi hakuwa ameulizia habari za mtu hata mmoja.

"Etye, nimeua!" alisema, akakimbia.

Kwenye kompyuta mpya alipekua jina kwa jina. Almaz yupo. Bitewush yupo. Gebre Hiwot hayupo. Haile Maryam hayupo. Wolete Maryam hayupo. Alifungua skripti, akaona kosa kabla hajamaliza kusoma: ile $@ ya kuwaita wote alikuwa ameiacha uchi, bila alama za usemi kuizunguka. Walifika mlangoni wazima, kila mtu na jina lake kamili, lakini ndani ya lango hakukuwa na kitu cha kuyashika majina yasiachane, na kila jina lenye nafasi katikati lilikatika papo hapo kwenye nafasi. Mama yake aliitwa Wolete peke yake, kisha akaitwa Maryam peke yake. Watu wawili ambao hawakuwahi kuzaliwa waliitwa, hakuna aliyeitika, na mlango ukaandika wamefika.

Hakuwa ameua. Walikuwa bado huko nyuma, wamesimama kwenye ukungu wa kompyuta kuukuu. Alitazama mezani. Meza ilikuwa tupu.

Alishuka ngazi mbili mbili. Nje gari la chuma chakavu lilikuwa limeshawashwa, na kompyuta imelala nyuma kati ya beseni zilizotoboka na jiko la umeme, imefunikwa gunia linalolowa.

"Shusheni! Shusheni hiyo!"

"Dada, hii imeshakufa," alisema dereva. "Tumeambiwa na huyu kaka."

"Huyu kaka ameambiwa na mimi, na mimi nilikuwa nimelala macho wazi. Shusheni, nawaombeni, mama yangu yumo humo!"

Dereva alimtazama Yibeltal. Yibeltal alimtazama Tsigereda, mvua inamtiririka usoni, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakupata mzaha wa kusema. Alipanda nyuma ya gari, akaikumbatia kompyuta kifuani, akaipandisha ngazi mwenyewe. Mzaha ulimrudia huko juu. "Mgongo wangu huu utaukanda wewe," alisema, akiitua. "Na kitoweo juu."

Waliikausha kwa mtandio wa Enanu. Ikagoma. Wakaiwasha tena, ikakohoa, ikakwaruza ndani kama panya, ikagoma. Tsigereda aliiwekea kiganja kama mtu anayempapasa ng'ombe mwenye homa. Safari iliyofuata taa iliwaka.

Hakuwa na haraka tena. Hofu ilikuwa imemwosha macho. Aliizungushia $@ alama za usemi, kisha akalizungushia na kila jina linapoitwa. Alimtoa bibi kizee alipokuwa, akamsogeza hadi ubavuni mwa anayepita, aulize kabla mtu mwingine hajafungua mdomo. Shukrani hakuifuta. Aliishusha nyuma, ikae baada ya jibu. Na manung'uniko aliyaacha yasikike.

Foleni ikaanza kusogea upya. Gebre Hiwot alipita, mzima. Haile Maryam alipita. Safari hii waliinua nyuso. Kompyuta ilikwaruza kwa uchungu kiasi kwamba Yibeltal alishika kichwa, na Enanu akajichora msalaba. Wa mwisho alikawia. Kioo kilikaa kimya, mvua ikawa inasikika yenyewe. Kisha: Wolete Maryam. Limekwendaje? Sifuri.

Muda mfupi baadaye kompyuta kuukuu ilizimika, na haikuwaka tena.

"Tusikilize," alisema Enanu taratibu. "Kesho mbele ya watu si siku ya kuanza."

Tsigereda aliogopa, lakini alibonyeza. Kwanza alisikia upepo, na jogoo, na moto wa kuni ukitatarika. Kisha sauti ya mama ikapanda, changa kuliko alivyoijua, ikimlilia mtu ambaye hakuna aliyemkumbuka. Ilipanda, ikakaa juu kama mwewe, na chumba kizima kikaelea nayo. Tsigereda hakulia. Alikuwa anasikiliza kazi ya fundi, na aliona fahari.

Wimbo ulifika katikati. Mara sauti ile ile ikakatiza, ikageuka pembeni, kali, ya nyumbani:

"Tsigereda! We Tsigereda! Moto huo unazima, mtoto wewe uko wapi?"

"Abee mama!" aliitika Tsigereda, na alikuwa ameshasimama.