Kamba Nyekundu

Mkono wa kushoto wa Mama Mapacha ulikuwa na miezi miwili haujapanda juu ya kifua. Picha zilipigwa, mfupa ukaonekana mzima, daktari akamwambia hana kitu. Hana kitu! Neno hilo alilirudia hata akiosha vyombo, mpaka mume wake akawa anakula upesi na kutoka. Mtu unashindwa kuanika hata nguo zako mwenyewe, halafu unaambiwa huna kitu!

Yalianzia kazini, kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali na hoteli. Yeye na shoga yake, aliyebandikwa jina Chapuchapu, walikuwa wakilisha mashuka kwenye rola kubwa ya kupiga pasi, mmoja huku, mwingine kule. Huyu akiuliza, "Shika?" yule sharti ajibu, "Nimeshika," ndipo shuka liachiwe. Miaka tisa hawakuruka neno. Siku ya ajali rola ilimeza shuka pamoja na mkono wa Chapuchapu. Alipona, lakini kiganja cha kulia kilikatwa.

Sasa mnyapara wao, mtu asiye na hata chembe ya haya, akaandika kwamba Chapuchapu alikuwa anapiga soga, na Mama Mapacha alisimama akitazama badala ya kuvuta kamba nyekundu ya kuzimia mashine, iliyoning'inia juu upande wake. Kikao cha uchunguzi kilipangwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Mama Mapacha akinyamaza, Chapuchapu atafukuzwa na lawama juu. Mkono umekwenda, na jina nalo lifuate!

Lakini angesema nini? Hakumbuki. Kila akijaribu, koo linamkaba na mkono unaganda kifuani. Na lililomtafuna zaidi ni kwamba aliamini mnyapara kasema kweli. Alisimama kama gogo, shoga yake akiungua.

Wifi yake ndiye aliyemburuta kwa mshauri, mama mmoja mwembamba mwenye chumba cha viti viwili na dirisha. Siku ya kwanza mshauri alimwambia, "Sitakugusa bila kukuuliza. Mlango ule pale, ukitaka kutoka, toka."

"Kwa hiyo nimeletwa hapa nizungumze na mkono?"

"Ndiyo. Mdomo umehojiwa mpaka umechoka. Tuupe mapumziko. Hasira unaisikia wapi mwilini?"

"Naisikia kwako!"

Mshauri akacheka kweli kweli. Mama Mapacha alikasirika zaidi, ila wiki iliyofuata akarudi.

Jumatano, siku mbili kabla ya kikao, mshauri alikuwa na shuka. "Nifundishe kazi yenu," akasema. Mama Mapacha akashika ncha kwa mkono wa kulia, huku ule mwingine umejikunyata palepale kifuani. Shika? Nimeshika. Shika? Nimeshika. Walikunja, wakakunjua, mabega yakaanza kulegea. Mshauri, mgeni wa kazi za watu, akaona shuka limenyooka vizuri, akaliachia bila kuuliza.

"Wee mwanamke!" Sauti ilitikisa dirisha. "Huachii kabla hujajibiwa! Unataka kuua mtu?"

Na hapo hapo mkono wa kushoto ukabanduka kifuani, ukapita bega, ukapita kichwa. Vidole vikafumba hewani, vikavuta. Vikavuta tena.

Mshauri hakumsogelea. "Kosa ni langu, nisamehe. Usiuzuie mkono. Unavuta nini?"

"Kamba."

"Inakuja?"

"Haiji!" Machozi yalimtoka, na yalikuwa ya hasira tupu. "Haiji! Ameifunga kwenye bomba kwa kitambaa, yule mnyapara mwanaharamu, eti tukizima mashine kazi inachelewa! Nilivuta. Mama wee, nilivuta!"

Alivuta mpaka akachoka, akakaa chini sakafuni, akapumua. Mshauri akaketi naye kwa mbali kidogo. "Ijumaa watakuuliza tena. Koo likikaba, zisikilize nyayo zako. Sakafu ipo."

Ijumaa, kikaoni, mnyapara alisimama na tai yake shingoni. "Kamba ilikuwa huru. Hakuna aliyeivuta."

Mwenyekiti akamgeukia Mama Mapacha. Koo likamkaba. Akakanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, lakini neno halikutoka, na mnyapara akaanza kutabasamu. Ndipo Chapuchapu, aliyeketi pembeni yake, akamgusa goti kwa mkono aliobaki nao.

"Shika?" akanong'ona.

"Nimeshika," Mama Mapacha akajibu, na kwa kuwa koo lilikuwa limeshafunguka, akasimama na kuinua mkono wa kushoto juu ya vichwa vyao wote. "Mkono huu ulivuta. Ulivuta ukakuta kitambaa chako, mnyapara! Nani alikifunga? Siushushi mpaka nijibiwe."

Mnyapara akapekua makaratasi yake. Fundi wa mashine, aliyekuwa nyuma akitazama viatu vyake, akakohoa.

"Alikifunga yeye," akasema. "Mimi niliamriwa nikifungue baada ya majeruhi kuchukuliwa."

Watu wakaguna. Chapuchapu akalia. Mama Mapacha hakumshukuru fundi. Alimgeukia, mkono ungali juu.

"Na miezi miwili hii," akamuuliza, "wewe ulikuwa wapi?"