Mkanda wa Cherehani

Tangu daktari amwambie kuwa mlango mmoja wa moyo wake haufungi sawasawa, fundi cherehani alipenda kujilaza mchana na kuusikiliza. Sikio likiwa juu ya mto, aliisikia damu ikienda, kisha kidogo ikirudi, kama mtu aliyefika barabarani akakumbuka ameacha funguo mezani. Usingizi ulipomchukua, mguu wake ulianza kukanyaga cherehani ambayo haikuwepo kitandani, na kitambaa cheupe kikapita chini ya vidole vyake, kikatoka dirishani, kikaelea juu ya mapaa bila kufika mwisho.

Akiamka, cherehani ilikuwa palepale kwenye kona, imefunikwa shuka, haina mkanda. Wiki ya tatu sasa. Bintiye, kitinda mimba, alisema mkanda ulikatika alipokuwa akifagia, na madukani hakuna mwingine. Eti mikanda ya cherehani imekwisha mji mzima. Miaka thelathini na moja ya kushona, fundi hakuwahi kusikia habari kama hiyo. Binti alikuwa anaolewa Jumamosi, na gauni ambalo yeye, mama yake, aliapa kulishona mwenyewe lilikuwa bado kitambaa kabatini. Hilo ndilo lililomuuma, si moyo.

Jumatano, akiwa nusu ndotoni, alikwenda kabatini akishike tu kile kitambaa. Akakuta mikono, kola, vifungo. Gauni zima, limeshonwa na kupigwa pasi, na chini yake mkanda wa cherehani umeviringishwa vizuri, mzima kabisa.

Binti aliporudi kutoka kazini, alimkuta mama amelitandaza gauni mapajani.

"Nani kashona?"

"Fundi wa karibu na kazini." Binti aliketi sakafuni. "Mama, nilikuona unavyohema kwenye ngazi. Nikasema harusi yangu isije ikakumaliza."

"Daktari alisema nini?"

"Kwamba moyo unavuja."

"Kidogo hadi wastani, alisema. Nifanye kazi zangu, nikichoka nipumzike, mwakani wanipime tena. Nikikosa pumzi nikiwa nimelala, au miguu ikivimba, nisingoje mwakani. Hiyo marufuku ya kushona umeitoa wapi?"

Binti na kaka zake walikuwa wamemlea mama kama yai, wakinong'ona kila alipopita, na sasa binti aliona aibu.

"Kuna kingine alisema, wewe ulikuwa umefuata dawa," mama akaendelea. "Huenda mlango huu uko hivi tangu nizaliwe. Basi wewe umelala chini yake miezi tisa. Ukalala vizuri mpaka ukachelewa kutoka."

Binti alicheka, kisha machozi yakamtoka. Akaegemeza sikio kifuani kwa mama yake. Mwanga wa jioni ulikuwa umefika kwenye shuka la cherehani.

"Livae nikuone," mama akasema.

Tuseme haki, fundi yule alijua kazi. Ila kwapani lilibana, na ndani ya mshono hakuacha nafasi hata ya kidole. Fundi wetu huacha vidole viwili kila nguo, maana miili hubadilika bila kuomba ruhusa.

"Linakubana."

"Kidogo tu, Mama. Nitavumilia."

"Siku nzima? Vua."

Alifumua kwapa zote mbili, akakata vipande vya kuongezea kutoka kwenye masalio ya kitambaa yaliyorudi na gauni. Binti mwenyewe ndiye aliyeondoa shuka na kuuvisha mkanda kwenye gurudumu.

Mguu ukakanyaga, kitambaa cheupe kikaanza kusogea kuelekea dirishani. Katikati ya mshono wa pili pumzi ilimpungukia. Akasimamisha gurudumu, akafumba macho. Binti aliinua mkono kumzuia, halafu akaushusha na kuuweka mapajani. Wakangoja pamoja. Pumzi iliporudi, mama alikanyaga tena.