Kinacheza

Fundi Unywele hakuwa na meno matatu ya chini upande wa kulia. Hakuwa na shahada. Hakuwa na shule yoyote ya mchana baada ya darasa la nne, maana yote aliyoyajua aliyapata jioni, vidole vikiwa bado vinanuka grisi. Hakuwa na mke tena. Hakuwa na simu ya kupapasa. Hakuwa na mtu hata mmoja katika kliniki ile ya meno aliyezungumza naye macho kwa macho. Subira alikuwa nayo kidogo, nayo ilimwishia siku ya Jumanne, kabla ya saa nne asubuhi.

Jina la Unywele alilipata karakana, alikokereza vyuma miaka thelathini na minane. Mtu akimletea kazi na kusema, "Imekaa, imebaki kidogo tu," yeye aliuliza: "Kidogo gani? Unywele mmoja au miwili?" Watu wakacheka, jina likamganda, akastaafu nalo.

Kwenda kliniki kupandikizwa meno ya skrubu kulikuwa wazo la binti yake, karani wa shule, aliyechoka kumwona baba anatafuna upande mmoja kama anayesikiliza kitu kwa jirani. Kwanza mzee alikataa. Hakuogopa maumivu. Alichoogopa kilikuwa na sura, nayo ilikuwa sura ya dada yake mkubwa. Zamani dada huyo aling'olewa gego, mshipa wa fahamu ulio ndani ya taya ukaguswa, na tangu siku hiyo nusu ya mdomo wake wa chini ikawa kama ya mtu mwingine. Chai humchuruzika, hajui. Hujing'ata mpaka damu, akaambiwa na watu. Mwanamke aliyekuwa mcheshi wa ukoo mzima sasa hula ameelekea ukutani.

"Siku hizi si kama zamani, baba," binti alimwambia. "Wanapiga picha kwanza. Wanauona mshipa kabla hawajagusa kitu."

Na kweli, picha ilimshinda mzee. Alisimama, kidevu juu ya kigingi cha plastiki, akakatazwa kumeza mate, na mkono wa mashine ukamzunguka kichwa taratibu. Baada ya dakika chache taya lake lilikuwa kwenye skrini. Daktari, kijana nadhifu mwenye saa kubwa, aliligeuza kwa kidole: kwa mbele, kwa juu, kwa ubavuni. Akalikata vipande vyembamba kama mkate, kila kipande kikaonyesha unene wa mfupa na kina chake.

Mzee alitaka kupiga makofi. Mbele, juu, ubavuni! Huo ulikuwa mchoro wa kiufundi, ule ule aliofundishwa shule ya jioni na mwalimu mwenye kikohozi, ila huu ulichorwa na mashine na ulikuwa wa mfupa wake mwenyewe.

"Mshipa uko wapi?" aliuliza.

"Dada," daktari alimwambia binti, "mwambie mzee ni huu mstari mwekundu."

"Mzee amesikia," alisema mzee. "Na kutoka ncha ya skrubu mpaka kwenye mstari?"

Daktari alicheka. "Dada, mzee wako ana maswali! Milimita mbili."

"Zinatosha," alisema mzee, "kama keekee ya kutobolea mfupa itakwenda inakoambiwa."

Daktari alieleza, akimtazama binti, kwamba keekee haina uhuru wa kwenda inakotaka. Siku hiyo hiyo wangechukua umbo la meno yaliyobaki, wakaliunganisha na picha, kisha mashine ingechonga kigezo cha plastiki angavu cha kuvishwa juu ya meno. Kigezo kina tundu lenye pete ya chuma. Keekee hupita humo tu, kwa pembe ile na kina kile kilichopangwa. Pale kliniki walikiita gaidi, kwa namna walivyolitamka neno la Kiingereza 'guide', na mzee alipolisikia mara ya kwanza aliuliza kama wanampandikiza meno au wanamvamia. Nesi hakucheka. Binti alimkanyaga mguu.

Lakini alirudi nyumbani ameridhika. Kigezo cha kuongozea keekee! Vya namna hiyo alivitengeneza mamia. Alijua sheria yake pia, na ni moja tu: kigezo kikae juu ya kazi bila kutikisika. Kikitikisika ni kigezo cha uongo, na kigezo cha uongo chenye pete ya chuma ni hatari kuliko mkono mtupu, kwa sababu mkono mtupu huwa na wasiwasi.

Wiki mbili baadaye jino lililo jirani na pengo lilimeguka. Alirudi kliniki ile ile, daktari yule yule akalijaza, akalisugua, akasema, "Jino jipya hili, mzee." Lilikuwa zuri kweli. Nene kidogo kuliko lilivyozaliwa, lakini zuri.

Sasa Jumanne.

Walimlaza kitini, wakamfunga kitambaa cha kijani kifuani. Binti alikaa kwenye kona na mkoba wake. Kabla ya sindano ya ganzi, daktari alimvisha kigezo kukijaribu. Mzee alifunga macho. Akakisukuma kwa ulimi upande huu, kisha upande ule. Akakisikia kinainuka na kushuka, tiki, tiki, kama meza yenye mguu mfupi.

"Kinacheza," alisema.

"Nini?" daktari aliuliza.

Alikitoa mdomoni. "Kinacheza."

Nesi aliguna huku akipanga vyombo. "Mzee, hapa si pa kucheza. Tuna wagonjwa wengine."

"Sijasema nacheza. Nimesema kinacheza."

Daktari alikirudisha, akakibonyeza kwa kidole gumba. "Kimekaa, mzee. Tulia."

"Ukikibonyeza kimekaa. Achia."

"Kimepangwa na kompyuta. Kompyuta haikosei."

"Kompyuta haijakosea," alisema mzee, kigezo kikimlegeza maneno. "Imepanga mdomo niliokuwa nao siku ya picha. Baada ya siku ile ukanijaza jino. Umeibadilisha kazi, umekuja na kigezo cha zamani."

Hapo ndipo daktari alipopaswa kunyamaza na kufikiri. Badala yake alimgeukia binti. "Dada, hii ni hofu tu. Umri ukienda inakuwa hivi. Msaidie atulie, tumalize."

Binti alisimama. "Baba, tafadhali."

Sindano ilikuwa tayari mkononi mwa daktari. Mzee aliiona ncha yake, akamwona dada yake ameelekea ukutani, kikombe mkononi, chai inashuka kidevuni bila yeye kujua. Akamshika daktari kifundo cha mkono. Hakumkaba wala hakumpindisha. Alimshika tu kama anavyoshikwa mtu anayetaka kuweka mkono kwenye mashine inayozunguka.

"Mwanangu," alisema, "unywele mmoja pale juu ni milimita nzima kule chini. Nawe umeniambia unazo mbili. Ukitaka kubahatisha, kabahatishe kwenye taya lako."

Akakitoa kigezo, akateremka kitini nacho mkononi.

Mapokezi walimwekea karatasi ya kutia sahihi. Nesi alikuwa bado anaijaza upande wa pili wa meza, haraka, kwa hasira. Hakujua kwamba fundi aliyesoma michoro juu ya meza za watu miaka thelathini na minane husoma kichwa chini miguu juu bila taabu. Ilisema: *Mgonjwa anacheza, hana utulivu. Haelewi mpango. Amekataa matibabu kwa hiari yake.*

"Sitii sahihi," alisema mzee. "Na nakala yake naitaka."

"Mzee, na gaidi yetu uache."

"Kimechongwa kwa meno yangu. Utamvisha nani mwingine?"

Nakala alipewa, nadhani ili aondoke. Aliikunja mara nne, akatoka.

Barabarani binti hakusema neno mpaka walipofika nyumbani. Alipofunga mlango ndipo akalipuka.

"Umeniaibisha, baba! Umemshika daktari mkono! Umetembea mtaa mzima na kitambaa cha kijani kifuani kama mtoto wa chekechea!"

Mzee alijitazama. Kitambaa kilikuwa bado kimefungwa. "Ungeniambia tulipokuwa njiani."

"Nilikuwa nimekasirika!"

"Basi tuko wawili. Niletee karatasi ya kaboni."

"Ya nini?"

"Wewe ni karani. Usiniambie huna kaboni."

Alikuwa nayo, kwenye mkoba, ya kuandikia stakabadhi. Mzee alikata kipande chembamba kama kucha. Alimweleza huku anakata: karakana, vyuma viwili vikikataa kulala pamoja, huviwekei ubishi. Unapaka rangi ya buluu, unavigusanisha, na rangi inakuonyesha mahali vinapogombana. Akajifuta meno kwa leso, akaweka kaboni juu yake, upande wa wino ukitazama juu, akavisha kigezo. Akakigonga kidogo kwa kidole. Akakitoa, akakisuuza, akamkabidhi binti.

"Sema unachoona. Mimi ni mzee, sielewi."

Binti alikipeleka dirishani. Plastiki ilikuwa angavu, hivyo hapakuwa na cha kutafuta. Katika urefu wote wa kigezo palikuwa na doa moja la buluu, dogo kama kichwa cha kiberiti.

"Ni jino lipi hili?" aliuliza, ingawa alishajua.

"Lile jipya."

Kigezo chote kilikuwa kimesimama juu ya jino moja, lile walilolijaza wenyewe, kama mtu aliyesimama kwa kisigino. Binti alikiweka mezani. Akakaa. Akasema, "Na mimi nilikuambia tafadhali."

"Ulisema."

"Shangazi anajua?"

"Hapana. Na usimwambie, asije akacheka na chai mdomoni."

Binti alicheka, akajifuta macho, akakipiga picha kigezo kwa simu yake mara tatu, doa likionekana vizuri. Alikwenda kuzichapisha shuleni. Mzee alifungua droo atafute kalamu, mkono ukagusa tupa ndogo. Pasi mbili za tupa, pale penye doa, na kigezo kingelala kama mtoto. Aliishika tupa. Akairudisha. Hakuwa daktari, na hakutaka kuwafanyia wao walichomfanyia yeye, yaani kufanya kazi ya mtu bila kumuuliza. Tena kwa nini awarekebishie? Walimwita mchezaji.

Akaandika.

*Kwa Mkuu wa Kliniki. Ndugu, nimekasirika, nawe utaniwia radhi kwa kulisema hilo mwanzoni, maana sitaki ulitafute katikati ya mistari. Picha yenu ni nzuri. Sijaona chombo kinachosema kweli kuliko kile. Lakini picha husema kweli ya siku ilipopigwa. Baada yake mlinijaza jino, hamkupiga nyingine wala kuchukua umbo upya, mkaja na kigezo cha kinywa ambacho sinacho tena. Nilikwambieni. Nilisema neno moja, kinacheza. Mlioandika faili mmeandika anacheza. Nilijifunza ngeli shule ya jioni nikiwa na miaka ishirini na sita, na mwalimu alinichapa kwa maneno nilipozichanganya. Ki- ni kitu. A- ni mtu. Nilikuwa naeleza ubovu wa kitu, ninyi mkaandika ubovu wa mtu. Kwa silabi hiyo mngenitoboa mshipa, kisha faili lingesema nilikuwa sina utulivu.*

*Nataka mambo manne. Neno lifutwe, liandikwe nililosema. Palipoandikwa haelewi, pafutwe pia. Nipigwe picha mpya, nitengenezewe kigezo kipya. Na kabla ya sindano mtu kitini aulizwe kama kinacheza, awe mzee, awe nani. Aulizwe yeye, si aliyemsindikiza. Picha za ushahidi zimo humu. Kigezo ninacho mimi. Nakala ya barua hii itakwenda kwa Baraza linalosimamia madaktari wa meno mwezi ukiisha bila jibu. Wapumbavu wakubwa ninyi.*

Binti aliporudi aliisoma barua amesimama, midomo ikicheza kimyakimya.

"Mstari wa mwisho utoe, baba."

"Ndio mstari wenye ukweli zaidi."

"Ukiuacha watajibu huo tu. Hayo mengine hawatayagusa."

Mzee alinuna. Akachukua karatasi safi, akainakili barua yote upya kwa mkono, ukurasa na nusu, ili pasiwe na alama ya kufuta, na alipofika mwisho akaandika *Wenu, fundi mkereza vyuma mstaafu*, akatia sahihi ambayo asubuhi ile aliwanyima.

Wakatia picha ndani ya bahasha. Binti alinyoosha mkono aifunge, mzee akaivuta. Akapitisha ulimi kwenye gundi, polepole, kutoka kona hadi kona. Ukingo wa karatasi ukamgusa mdomo wa chini upande wa kulia, akausikia wote: ukali wake, ubaridi, utamu mbaya wa gundi. Akabana bahasha kwa kiganja.

Posta walikuta foleni fupi. Karani wa dirishani alimtazama binti. "Iende ya kawaida au rejesta, dada?"

"Muulize mwenye barua," binti alisema.

Karani akainua macho. "Mzee?"

"Rejesta," alisema Fundi Unywele. Akangoja muhuri upigwe mara mbili, akaichukua risiti, na hakuondoka dirishani mpaka alipoiona bahasha inaingia kwenye gunia.